Kura za Mudane Lali, Kama Nilivyozisoma Kudhaa

Mkono usiovuka sikio si kura. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa kazini, na kama ninyi vijana mnaoajiriwa ukarani siku hizi hamna muda wa kusoma zaidi ya hapa, lishikeni hilo mwende zenu, litawafaa. Waliobaki wakae vizuri.

Mimi nilikuwa karani wa mbunge. Si karani wa bunge. Wale wana meza. Karani wa mbunge ana daftari na magoti. Mbunge wangu alikuwa Lali, wa kiti cha visiwa. Mjini Kismayu aliitwa Mudane, kama waitwavyo wabunge wote, visiwani aliitwa Lali, na mama yake alimwita "wee". Kazi yangu ilikuwa kuketi nyuma ya ukumbi niandike Mudane amepigaje kura, kisha kikao kikimalizika nipande boti hadi Kudhaa, kisiwani kwetu, nikawasomee watu. Kiti chetu hakina masanduku ya kura. Wazee hukaa mkekani wakakubaliana nani aende, na kwa kuwa wao ndio waliomtuma, walitaka kujua huko alikotumwa anafanya nini. Hata mtoto ukimtuma chumvi, akirudi unamwuliza.

Wabunge wetu hupiga kura kwa kuinua mikono, nanyi mnadhani kuhesabu mikono ni rahisi. Wiki yangu ya kwanza niliandika kuwa Mudane Lali ameunga mkono ushuru wa saruji. Alikuwa anaita chai. Nikaisoma hivyo Kudhaa, na mwashi mmoja wa pale akakaa mwaka mzima hamwitikii Mudane salamu. Na chai yenyewe Mudane hakuipata.

Aliyeniokoa ni Mzee Famau, karani wa mbunge mwingine, Mbajuni wa mjini Kismayu, mtu mkavu ambaye nilimwona akicheka mara moja tu, tena kumbe jino lilikuwa linamwuma. Alinikalisha kwenye ngazi za ukumbi akaniambia, "Kombo, usiangalie vidole. Vidole hukuna kichwa. Angalia kiwiko. Kiwiko kikipanda, mkono ukavuka sikio, hapo andika. Usipovuka, mchu huyo anafukuza inzi." Mchu kwetu Wabajuni ni mtu.

"Na akiuinua nusu?"

"Huyo ataka mwenye mswada amuone na wachu wa kwao wasimuone. Andika 'nusu'. Umsumbue."

Akanifundisha pia kutoandika sababu. Kwa nini Mudane kainua, kwa nini hakuinua, hiyo si kazi ya karani. "Andika mkono," alisema, "moyo una karani wake." Nimekuwa nikilifikiria neno hilo kwa miaka mingi, na bado naona alisema kweli.

Kuhusu kutokuwepo, jueni kuna kutokuwepo kwa namna tatu. Kuna mbunge aliyekwenda Nairobi kwa matibabu, huyo mpe pole. Kuna aliyekwenda Mogadishu kwa mkutano, huyo mpe pole vilevile. Na kuna aliyekwenda msalani. Huyu wa tatu ndiye wa kuangaliwa, kwa sababu maradhi yake huja kura inapoitishwa na hupona ikishahesabiwa. Mudane Lali alikuwa na tumbo la namna hiyo. Kila mswada ulioweza kumgombanisha na mtu, yeye hunyanyuka, hushika kitambi, hutoka. Mimi niliandika kama nilivyoona: "msalani, msalani, ndiyo, msalani". Nilipoyasoma hayo Kudhaa, shangazi yangu, ambaye ndiye mama yake Lali, aliniuliza tumbo la mwanawe limeanza lini kuuma. Asubuhi yake akaniletea chupa ya habasoda na asali nimpelekee mwanawe. Nikampelekea. Mudane akainywa, maana ilitoka kwa mama.

Sasa penseli. Msiandike kwa kalamu ya wino ikiwa mtasafiri kwa boti. Njia ya bara haipitiki kwa ajili ya wenye bunduki, nanyi mnawajua, kwa hiyo kila kura iliyofika Kudhaa ilifika kwa kulowa. Wino hukimbia ukiona maji ya chumvi, penseli hukaa. Mwaka wangu wa kwanza nilifika na daftari lililojaa buluu tupu nikasoma kwa kukumbuka, na nilipomaliza, mzee mmoja akaniuliza mbona sifungui kurasa. Tangu siku hiyo nikawa na penseli mbili na mfuko wa nailoni, na daftari nikalivaa tumboni chini ya shati. Ninyi mna simu. Mnapiga picha, mnarusha kwenye kundi, na watu wanajibu kwa vile vikatuni vya kucheka machozi yakiwatoka. Nikiviona hivyo vikatuni huwa nazima simu.

Tulisomea kwenye kiwanda cha mashua, ufukweni, baada ya alasiri. Watu waliketi juu ya mbao, na mafundi hawakuacha kazi. Walikuwa wanashindilia pamba katikati ya mbao za mashua kwa patasi na nyundo, ko ko ko, nami nasoma juu ya kelele hiyo. Mwanzoni nilisoma kama nilivyoandika: tarehe, mswada, mkono. Watu waliondoka mmoja mmoja kama walio kwenye hotuba ya bwana afya. Mara ya tatu nilibaki na mafundi, ambao hawakuwa na pa kwenda, na mzee mmoja aliyelala.

Ndipo nikaanza kutia chumvi. Kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Ninaweza kumwambia Lali mbele ya watu kwamba ameoga leo kwa bahati mbaya, na akikasirika aibu ni yake. Kwa hiyo nikawa nasoma: "Jumatatu, ushuru wa mafuta, Mudane kainua mkono, na kwapa likaonekana, na spika akafungua dirisha." Watu wakaanza kurudi. Wakawa wanakuja na watoto na kahawa. Mtu akifiwa, ananiuliza kama kura zitasomwa ndani ya matanga au zitamngoja, maana hataki kuzikosa. Nilikuwa na jina, wanangu. Mtu wa kisiwa cha Chovai aliwahi kunipungia mkono kutoka boti ya mbali akipiga kelele, "Msalani!"

Mzee Famau nilipomsimulia haya akasema, "Chumvi ikizidi, mlaji hajui anakula samaki gani." Nikamwambia kwamba hajawahi kuwa na watu kiwandani. Akasema hilo ni kweli.

Basi ukaja mswada wa kamba mawe.

Mswada wenyewe ulikuwa mfupi. Ulisema kamba wote wa visiwani wapelekwe Kismayu na wauzwe huko kwa wenye leseni, wala asionekane mtu akiwavusha mpaka. Waliouandika hawakuwa watu wabaya. Hawakuwahi tu kukaa na kamba ndani ya boti chini ya jua. Kamba mawe, hao wakubwa wa miambani, huuzwa hai. Kutoka Kudhaa, ukitoka alfajiri unapita Ras Kamboni, na adhuhuri uko Kiunga, upande wa Kenya, kamba wako wangali wanakupiga mikia. Kwenda Kismayu ni siku nzima na bahati, na ukifika una boti ya kamba wafu, na kamba mfu hata paka humnusa kwanza.

Dada yangu Esha ndiye aliyekuwa mwenye biashara hiyo Kudhaa. Mumewe alifariki akamwachia mabinti wawili, boti ndogo ya mashine, na matenga. Alinunua kamba kwa wapiga mbizi, akawaweka hai ndani ya matenga baharini mpaka watimie, akawapeleka Kiunga mwenyewe. Mabinti wale walikuwa wanasoma Mombasa kwa kamba hao. Mswada ukipita, Esha hana kazi na mabinti wanarudi nyumbani. Sina namna ya kulisema hilo kwa madaha.

Sheria zetu hupigiwa kura mara tatu. Ya kwanza Mudane Lali akainua mkono, ukavuka sikio. Ya pili akainua tena. Msalani hakwenda. Nilimfuata nje nikamwambia, "Lali, kamba ni wa Esha." Akaniambia, "Wametuahidi gati, Kombo. Gati la Kudhaa. Watu wote watafaidika." Akaniweka mkono begani. Nadhani aliamini. Gati lenyewe mpaka leo nalitazamia.

Kulikuwa na juma moja na siku kadhaa kabla ya kura ya tatu. Kazi yangu ikawa wazi: niende Kudhaa, nisome kura mbili, wazee wamwite Lali wamwambie ashushe mkono. Mbunge anayetegemea mkeka hawezi kuukaidi mkeka. Nilipanda boti nimevaa kanzu, jambo ambalo sikuwa nikilifanya safarini, na njiani kote nilijiambia: leo Kombo, hakuna kwapa, hakuna dirisha.

Kiwanda kilijaa. Esha alikaa mbele na shangazi ubavuni pake. Nikasimama, nikafungua daftari, nikasoma hivi, neno kwa neno, ninaukumbuka ukurasa: "Mswada wa kamba mawe. Kamba wote wauzwe Kismayu, kuvusha mpaka ni marufuku. Kura ya kwanza: Lali, ndiyo. Kura ya pili: Lali, ndiyo."

Nyundo zikagonga mara mbili, ko ko. Kisha nyuma mtu akapasuka kwa kicheko.

"Angalieni uso wake!" akasema. "Kombo kavaa kanzu!"

Wakacheka wote. Mbunge wa Kudhaa kuwazuia wa Kudhaa wasiuze kamba! Hawakuwahi kusikia utani wa namna hiyo, na mimi, mtani wake, nimeusimamia na uso wa matanga. Fundi mmoja alicheka hadi akajigonga kidole kwa nyundo, na hilo likawaongezea. Nikasema, "Sikilizeni, ni kweli." Wakazidi. Nikasema, "Si mchezo." Esha alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya leso.

"Na kamba, kaka?" akaniuliza. "Kamba nao wamesemaje? Wameinua mikono mingapi?"

Kiwanda kizima kikalala chini kwa kicheko.

Sasa nawaambieni jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka. Ningeweza kuapa. Mtani hatanii kwa jina la Mungu, kila mtu kwetu anajua hilo. Wallahi moja, na nyundo zingenyamaza. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini shangazi alikuwa pale, mbele yangu, anatabasamu, mwanawe anachekwa kwa mapenzi, nami niseme mbele ya kijiji kizima, kwa kiapo, kwamba mwanawe amewauza. Hiyo ni sababu moja na ni nzuri. Ya pili si nzuri. Kicheko kile kilikuwa kikubwa kuliko vyote nilivyopata tangu nianze kazi, na kilikuwa kitamu. Nikacheka nami.

Boti ilikuwa inangoja maji. Nikapanda.

Nilipofika Kismayu nilimwendea Mzee Famau nikamweleza. Nilieleza kama kichekesho, mpaka nilipofika kwenye kamba kuinua mikono nikaona hacheki. Akaniuliza, "Lali alipokutaka kazi, uligombea nafasi na nani?"

Nikamwambia kulikuwa na mwalimu wa madrasa wa kisiwa cha Koyama, mwandiko wake kama uliopigwa chapa. Mimi mwandiko wangu hata mwenyewe hunishinda.

"Mbunge mjinga huficha kura zake," akasema. "Mwerevu humpa mtani wake azisome."

Aliinuka akaenda kuswali. Nikabaki kwenye ngazi nikijaribu kumkasirikia, nikashindwa.

Bado siku zilikuwepo. Simu nilikuwa nayo, ya kuongea tu, na Kudhaa mtandao upo ukisimama penye mawe. Nikampigia Esha. Alipokea tayari anacheka, kabla hata ya salamu. "Ndoo, kaka, ndoo uwachukue kamba wako," akasema, "yana usiku wameunda chama!" Nyuma yake nilisikia wanawake wengine wanacheka. Nikamwuliza habari za mabinti. Akasema mkubwa kawa wa pili darasani. Nikasema mashaallah. Nikakata.

Kura ya tatu Mudane Lali aliinua mkono wake juu kabisa. Ulivuka sikio kwa kiasi ambacho Mzee Famau mwenyewe asingekuwa na shaka. Nikaandika.

Askari wa Ras Kamboni walimsimamisha Esha majuma machache baadaye. Walikuwa na adabu. Walimwonyesha karatasi, wakamsomea, wakamwambia ageuze boti aende Kismayu, na yeye, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akageuza. Alipitia Kudhaa bila kushuka. Alifika Kismayu siku ya pili, nami nikaenda kumpokea bandarini, na harufu ilifika kabla yake. Alikuwa amekaa nyuma kwenye mashine, matenga mbele yake, hajatupa hata kamba mmoja. Nikamsaidia kuwamwaga. Tukaosha matenga. Mabinti walirudi kutoka Mombasa mwisho wa muhula.

Wazee wakamwita Lali. Hakukawia. Alikuja na kanzu nzuri, akasalimia kila mtu kwa jina, akaketi kiwandani pale pale. Hakukana hata kidogo.

"Nimepiga kura hizo," akasema. "Nilidhani gati litatufaa. Lakini nauliza, wazee wangu. Nilificha? Nilimtuma mchu wangu, karani wangu, damu yenu, akaleta daftari kabla ya kura ya tatu. Kama hamkutaka, mngeniita. Nilingoja simu yenu. Haikuya."

Mzee wa mkeka akanigeukia. "Kombo, ulisoma?"

"Nilisoma."

"Yote?"

"Yote."

"Nasi tukafanya nini?"

Mafundi walikuwa wameweka nyundo chini tangu mwanzo. Mzee akatazama mchanga, kisha akasema kwamba mbunge hana kosa la kujibu. Lali alibaki kitini na yuko hadi leo, na tumbo lake limepona. Mimi niliandika barua ya kuacha kazi wiki ile ile. Alinijibu kwa maneno mazuri sana.

Kwa hiyo vijana, nikiwaambieni mkono uvuke sikio, mtajifunza kwa siku moja. Penseli, siku moja. Kusoma mbele ya watu ndiyo kazi, na hiyo sikuiweza, ingawa watu walikuwa wakija na watoto na kahawa. Mkiwa mnapendwa kwa kuchekesha, tafuteni mwingine asome siku ya jambo zito. Mtafuteni yule mwalimu wa Koyama. Na kama hayupo, apeni, hata shangazi akiwa pale.

Baada ya wazee kuondoka siku ile, Esha alibaki amekaa kwenye ubao. Nilidhani atanitukana na nilikuwa tayari. Nilikuwa hata nalitamani hilo tusi. Akaniuliza kama daftari ninalo. Nilikuwa nalo tumboni, kwa mazoea.

"Nisomee tena," akasema. "Ule ukurasa."

Nikaufungua. Nikamsomea pale pale, yeye peke yake, kama nilivyousoma siku ile. Mswada wa kamba mawe. Kamba wote wauzwe Kismayu, kuvusha mpaka ni marufuku. Kura ya kwanza: Lali, ndiyo. Kura ya pili: Lali, ndiyo. Sikuongeza neno wala sikupunguza, kwa sababu hapakuwa na la kupunguza.

Alisikiliza hadi mwisho, mikono imelala mapajani.

"Ulisoma vizuri tu, kaka," akasema. "Mimi ndiye niliyecheka."